Pengo la Asubuhi ya Kwanza

Katika mashamba ya Uingereza, msimu wa kuwinda mbweha kwa farasi na mbwa ulikuwa ukifunguliwa rasmi mapema Novemba, wapanda farasi wakiwa wamevaa makoti mekundu na wanakijiji wametoka kuwatazama. Watu wa banda la farasi, hata hivyo, walianza mapema zaidi. Kufikia mwisho wa Julai walikuwa wanawarudisha farasi kutoka malishoni, walikokaa miezi ya joto bila tandiko wala hatamu. Matumbo yamejaa majani na misuli imelegea. Kwa wiki kadhaa farasi walitembezwa tu, polepole, juu ya barabara ngumu, ili kano za miguu zikaze. Baadaye walipandishwa vilima kwa mbio ndogo. Saisi aliwapapasa miguu kila jioni akitafuta joto au uvimbe, maana farasi aliyeharakishwa wiki hizo huvunjika katikati ya msimu.

Ngano ikishavunwa, zilikuja asubuhi za kwanza za kutoka. Wasasi waliondoka alfajiri umande ungali majanini, kwa kuwa harufu ya mnyama hushika ardhi yenye unyevu na hutoweka jua likipanda. Siku hizo hawakuvaa makoti mekundu. Walivaa makoti ya sufu ya rangi ya udongo. Mbwa wachanga, waliolelewa katika nyumba za wakulima wa jirani, walijifunza kazi kwa kuwafuata wakubwa wao. Farasi mchanga alijifunza kusimama kimya kando ya msitu na kutoshtuka baragumu inapolia. Jua likikolea watu walikuwa wamekwisha kurudi nyumbani. Hakukuwa na umati wala shamrashamra.

Nimezitafakari sana asubuhi hizo, kwa sababu ndipo mtu anapoona nani hayupo. Wakati wa joto kila mmoja yuko kwake. Farasi mzee akifa Mei malishoni, habari hupokelewa, watu husikitika, kisha siku hupita. Septemba inapofika, saisi hupita bandani na ndoo ya shayiri, na mkono wake huenda wenyewe kwenye mlango ambao nyuma yake hamna mtu wa kupokea. Mwenye farasi hushika njia ileile ya kando ya kijito, akiwa juu ya mgongo mwingine wenye mwendo mwingine, na mwili wake unamkumbuka aliyeondoka kabla akili haijamkumbuka.

Sisi huku Afrika Mashariki tunalijua jambo hili vizuri. Siku ya mazishi nyumba imejaa. Jirani anapika, mwingine anateka maji, hitima inasomwa au sala inafanyika, na mfiwa anabebwa na watu. Uzito wenyewe huja watu wakishatawanyika na kazi ikarudi: Ramadhani ya kwanza bila mama, mvua za kwanza ambazo baba hayupo kusema ni lini tutie mbegu. Kalenda inatufanyia hesabu ambayo tungependa kuikwepa. Kwa hiyo nasema msiba una siku mbili: siku ya kifo, na siku ya kuanza upya. Ya pili ndiyo hutufundisha tumepoteza nini.

Hakuna mwanzo wa msimu uliokuwa na pengo kubwa kama wa mwaka 1914. Uingereza iliingia vitani tarehe 4 Agosti, wiki zilezile ambazo farasi wa kuwinda walikuwa ndiyo kwanza wanatolewa malishoni. Jeshi lilikuwa na farasi wapatao 25,000 wakati wa amani. Ndani ya siku 12 idadi hiyo ilifikia karibu 165,000. Maofisa wa ununuzi walizunguka vijijini wakiwa na mamlaka ya kisheria ya kuchukua farasi na kumlipa mwenyewe, na baadhi yao walikuwa wasasi waliowajua vizuri wanyama wa majirani zao. Farasi wa kuwinda alifaa sana: ana kasi, ana pumzi, ameshazoea kuruka uzio na kukaa katikati ya kelele. Kila alichofundishwa kwa ajili ya furaha ya bwana wake kikawa sababu ya kuchukuliwa.

Watu walitoa walivyoweza, na wengine waliomba. Watoto wa familia moja ya Lancashire walimwandikia Lord Kitchener, Waziri wa Vita, wakimsihi asimchukue farasi wao mdogo, jike la miaka 17 lililokuwa na mimba. Walimweleza kwamba nyumba yao ilikwisha kutoa wawili. Walijibiwa kwamba farasi wa kimo kile hawatachukuliwa. Nafikiri juu ya meza ya waziri yule, vita vikiwa vimeshaanza, barua ya watoto ikiwa katikati ya hati za jeshi. Waliweza kumwokoa mmoja kwa sababu walikuwa na la kusema juu yake: umri wake, hali yake, nafasi yake katika nyumba. Kwa maelfu mengine hakuna aliyeandika.

Jambo linaloniuma zaidi ni zile wiki zilizokosekana. Kumtembeza farasi polepole barabarani kwa wiki nyingi kabla ya kumtaka kitu chochote ni huruma iliyofanywa kuwa utaratibu. Mtu anamwambia mnyama: sitakutaka nguvu ambazo bado huna. Vita havikusubiri. Farasi aliyetoka kwenye majani mabichi alitiwa kwenye behewa la treni, akavushwa bahari, akaanza kazi juu ya mwili uliolegea.

Huko Ufaransa na Ubelgiji wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuchoka, kwa baridi, kwa matope na maradhi. Katika majira ya baridi ya 1916 na 1917 jeshi liliwanyoa farasi wake manyoya ili kuzuia upele, kama wanavyonyolewa farasi wa kuwinda kila mwaka. Ila farasi wa kuwinda hurudi jioni kwenye banda kavu, majani makavu na blanketi. Wa vitani alibaki nje usiku kucha, na wengi waliganda wakafa. Vita vilipokwisha, wanyama waliokufa katika utumishi wa jeshi la Uingereza, wengi wao farasi na baghala, walikaribia nusu milioni. Waliorudishwa nyumbani walikuwa kama 60,000. Wengine waliuzwa hukohuko, kwa wakulima na kwa wachinjaji.

Mwandishi Siegfried Sassoon alikuwa msasi tangu ujana wake huko Kent. Vita vilipoanza alijiandikisha kama askari wa farasi na akaenda na farasi wake mwenyewe, Cockbird. Mwaka 1928 alitoa kitabu chake Memoirs of a Fox-Hunting Man. Sehemu kubwa yake ni asubuhi za kuwinda, farasi, majirani na saisi mwaminifu aliyemfundisha kijana kupanda. Mwishoni huingia mahandaki ya vita, na yule saisi, aliyejiunga na kikosi cha matabibu wa wanyama, anakufa kwa kichomi. Sassoon angeweza kuanza na mizinga, maana ndiyo iliyompa sifa kama mshairi. Nadhani aliona kwamba msomaji hawezi kulia juu ya mtu asiyemjua, kwa hiyo kwanza akatupeleka bandani, akatutajia kila mmoja.

Huko Misri yalitokea mengine. Baada ya vita maelfu ya farasi wa jeshi waliuzwa nchini humo. Mwaka 1930 mama Mwingereza, Dorothy Brooke, alifika Cairo na mumewe aliyekuwa ofisa wa jeshi, akaanza kuwatafuta. Aliwakuta wakivuta mikokoteni na mizigo ya mawe, wakiwa wazee, vipofu, miguu imepinda, na mikononi mwa maskini ambao nao hawakuwa na njia nyingine ya kupata mkate. Mwaka 1931 aliandika barua katika gazeti la Morning Post, na wasomaji wakatuma fedha. Kwa miaka michache iliyofuata alinunua wapatao 5,000. Wengi hawakuwa wa kuponywa. Aliwapa siku chache za chakula kizuri na kupumzika, kisha wakauawa bila maumivu. Mwaka 1934 alianzisha hospitali ya wanyama hukohuko Cairo, ikihudumia farasi na punda wa maskini, na kazi iliyoanzia pale imefika hata Kenya, inakotunza punda. Naiheshimu huzuni ya namna hii. Ilichelewa zaidi ya miaka kumi, lakini ilipofika ilivaa aproni ikaingia kazini.

Vita hivyohivyo vilifika kwetu, na farasi walikuja navyo. Mwaka 1916 wapanda farasi kutoka Afrika Kusini, chini ya Jenerali Smuts, waliingia Afrika Mashariki ya Wajerumani. Walipoteremka kutoka upande wa Kilimanjaro kuelekea Kondoa Irangi, farasi walikufa kwa mamia njiani. Nchi ilikuwa na mbung'o, na wageni wale hawakuwa na kinga. Kadiri farasi, baghala na maksai walivyokwisha, mizigo ilihamishiwa kwenye vichwa vya watu. Katika vita vile upande wa Uingereza peke yake ulitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja, na waliokufa, hasa kwa njaa na maradhi, wanakadiriwa kuwa 95,000 au zaidi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao.

Siwaweki binadamu na farasi mizani moja. Waliowaweka mizani moja ni wale waliokuwa na daftari la usafirishaji, ambamo mtu aliyekufa alihesabiwa kama uwezo wa kubeba uliopungua. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi. Kule Uingereza saisi aliweza kusimama mbele ya mlango mtupu na kutaja jina la farasi aliyekuwa humo. Huku palikuwa na mama aliyesimama mlangoni kwake mwanzo wa mvua, akalijua jina la mwanawe vizuri sana, na hakuna ofisi iliyomuuliza.

Hapo ndipo asubuhi za kwanza za msimu zinaponifikisha. Tunamlilia tuliyempa jina. Wasasi wa Septemba, wanaomkumbuka farasi mmoja mzee kwa machozi ya kweli, walikuwa wanakwenda msituni kumtafuta mbweha mchanga aliyezaliwa majira ya kuchipua ya mwaka uleule, na kifo chake hakikuacha pengo lolote machoni pao. Sheria ya mwaka 2004, iliyoanza kutumika tarehe 18 Februari 2005, ilipiga marufuku kuwinda wanyama kama mbweha kwa mbwa katika England na Wales, isipokuwa kwa masharti machache. Wako waliohuzunika kwa sheria hiyo kama waliofiwa, na sina sababu ya kuidharau huzuni yao, maana walipoteza sehemu ya maisha waliyorithi kwa baba zao. Lakini naona sheria ilisema jambo la haki: asiye na jina naye anakufa. Maumivu yake hayapungui kwa sababu sisi hatukumjua.

Ndiyo maana siamini kwamba muda peke yake unaponya. Muda husogeza msimu mmoja, kisha mwingine, na mapengo yasiyotajwa hufunikwa na majani. Farasi mpya hupewa chumba cha yule wa zamani, na ni sawa, maana banda haliwezi kubaki tupu. Kosa ni kumpa chumba na kujifanya hakikuwa cha mtu. Saisi mzuri anapomwingiza farasi mchanga humwambia kijana wa kazi ni nani alikaa hapo, alipenda nini, mguu upi ulimsumbua. Kijana hujifunza kazi na kumbukumbu kwa wakati mmoja, na farasi mchanga hutunzwa vizuri zaidi kwa yale yaliyojulikana kwa aliyekufa.

Wewe unayeanza msimu bila mtu wako, iwe shule imefunguliwa, mvua zimeingia au mwezi umeandama, usione haya kulitaja jina lake siku ya kwanza, mbele ya watu, kabla kazi haijashika kasi. Usijiharakishe pia: nenda polepole wiki kadhaa hadi miguu ikaze. Na kama katika ukoo wenu kuna aliyechukuliwa kubeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918, mwendee mzee aliye hai leo, umuulize jina lake kamili, kijiji alikotoka na upande aliopelekwa. Liandike, kisha wafundishe watoto. Wazee wanaoweza kujibu swali hilo wamebaki wachache.