Moto hausubiri gari lipande Mamba

Namba ya kupiga moto unapozuka ni 114, na kupiga ni bure. Mzazi anayeishi Same mjini akiipiga ana haki ya kutarajia kuona gari jekundu likikata kona. Mzazi wa Mamba, Vudee au Chome anaipiga akijua kwamba kati yake na mji kuna mlima mzima, kona kali na, mvua zikinyesha, utelezi. Askari wawe hodari kiasi gani, gari lililojaa maji ni zito na barabara ya milimani haikimbiliki.

Nchini Marekani, kiwango cha chama cha NFPA kwa miji yenye zimamoto wa kuajiriwa kinataka gari la kwanza litumie dakika 4 njiani, likiwa na watu wasiopungua 4. Sababu yake iko sebuleni kwa kila mtu: kochi la sponji likishika moto, chumba kizima kinaweza kuwaka ndani ya dakika chache tu. Dakika 4 kutoka Same mjini hazimfikishi mtu hata Mwembe.

Mazungumzo kuhusu Jeshi la Zimamoto na Uokoaji mara nyingi huwa ya magari, na magari yanahitajika kweli. Juni 28, 2025, eneo la Sabasaba wilayani Same, basi na Coaster viligongana na kuwaka moto. Watu wasiopungua 38 walifariki, wengi wakiwa wameungua kiasi cha kutotambulika. Hiyo ilikuwa barabara kuu ya lami, si kijiji cha juu mlimani.

Lakini gari haliendi peke yake. Gari moja likitaka watu 4 kwa zamu tatu za siku, ni watu 12, kabla ya kuhesabu likizo, kozi na homa. Kituo kikipungukiwa askari, kazi ya kwanza kuachwa ni elimu kwa wananchi, kwa kuwa hakuna atakayelalamika semina ya kijijini isipofanyika. Matokeo yake huonekana baadaye, jikoni kwa watu.

Ndiyo maana Upareni swali la askari wangapi linapaswa kwenda pamoja na swali la nani anapanda mlimani kufundisha. Sekta ya afya ilishalijibu kwa upande wake. Chanjo haikufika vijijini kwa sababu kila kijiji kilipata hospitali. Ilifika kwa sababu kulikuwa na muuguzi, siku ya kliniki inayojulikana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayejua nyumba yenye mtoto mchanga. Askari mmoja wa zimamoto akipewa kazi hiyo tu, akapita kata kwa kata siku za kliniki na baada ya ibada, atakutana na wazazi wengi kuliko atakaowapata akingoja kituoni. Wapare tayari wana msaragambo: mbiu ikilia watu hutoka na majembe kuchimba barabara au kusafisha mfereji. Kikosi cha kijiji cha kuzima moto, chenye ndoo, ngazi na mchanga, hakihitaji utamaduni mpya. Hata Marekani kwenyewe zimamoto wengi ni wa kujitolea. Maji nayo yapo, ingawa ndiva nyingi hujazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, kwa hiyo moto wa mchana unaweza kukuta tope. Kikosi kinapaswa kulijua hilo mapema.

Jambo la haraka zaidi kufundishwa ni gesi. Tangu Mei 2024 serikali ina mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, na mitungi inapanda mlima kwa bodaboda. Ni habari njema kwa mapafu ya akina mama. Hata hivyo, huko juu baridi hufanya madirisha yafungwe mapema, na gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini sakafuni ambako watoto wanatambaa. Harufu ikisikika, taa haiwashwi wala haizimwi. Mtungi unafungwa, milango inaachwa wazi, watu wanatoka nje.

Mtoto akiungua, iwe kwa moto au kwa uji, sehemu iliyoungua imwagiliwe maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, huku mwili uliobaki ukifunikwa asishikwe na baridi. Dawa ya meno, unga, mafuta na ute wa yai viache mahali pake. Hushika joto na uchafu, na muuguzi atalazimika kuvibandua kidonda kikiwa kibichi. Kisha kitambaa safi, na safari ya kituo cha afya.

Kwa wenye watoto bweni, mkoa huu una kumbukumbu ya Shauritanga, Rombo, ambako Juni 1994 wasichana wasiopungua 40 walikufa bweni lilipoungua usiku. Kwenye kikao cha wazazi, kabla ya kujadili michango, mtu aulize ufunguo wa bweni hulala kwa nani, madirisha yenye nondo yanafunguka vipi, na zoezi la kutoka usiku lilifanyika lini. Mkuu wa shule aliyejipanga hatakasirika.

Na anayepiga 114 kutoka mlimani ataulizwa yuko wapi. Kata na kijiji peke yake havitoshi. Aseme ni baada ya kanisa gani au msikiti gani, ndiva ipi iko jirani, na gari linaweza kufika hadi wapi kabla ya watu kushuka kwa miguu. Mtu mmoja atumwe pale barabarani kuwapokea, ikiwezekana na tochi.