Neno Lililo Juu ya Mlango

Kanisa nililobatiziwa liko kusini mwa Wilaya ya Kisarawe, kando ya njia iendayo Maneromango. Juu ya mlango wake yameandikwa maneno niliyojifunza kuyasoma kabla ya kitabu chochote cha shule: Kanisa la Kiinjili la Kilutheri. Neno la mwisho lilinipa taabu kulitamka. Neno la Kiinjili halikunipa taabu yoyote, nami sikulifikiri tena kwa muda wa miaka thelathini. Mtu halifikiri jina la kwao mpaka akutane na mgeni mwenye jina lile lile, naye hafanani nao.

Mgeni huyo alikuja Kibaha, mahali ninapofundisha, katika mwaka wa 2014. Alikuwa kijana wa Kimarekani aliyejitolea kufundisha hesabu. Mpole, mwenye bidii, asiyeona haya kushika ufagio. Siku ya kwanza aliniuliza kama mimi ni Mkristo wa Kiinjili. Nilijibu bila kusita kuwa ndivyo nilivyo, na ndivyo alivyokuwa bibi yangu. Alifurahi sana hata akanikumbatia. Baadaye nilitambua ya kuwa mimi nilikuwa nimemtajia kanisa, naye alikuwa amesikia jambo jingine: moyo wa namna fulani, na pamoja na moyo huo, jambo ambalo sikulijua kabisa, kura ya namna fulani.

Pasaka ilipofika nilimchukua kwetu. Kutoka Kibaha ni safari ya kuzunguka: mtu hushuka Mbezi, akatafuta gari la Gongo la Mboto na Pugu, akapanda vilima mpaka Kisarawe mjini, ndipo akaanza vumbi la kwenda kusini. Chakula kilikuwa mihogo ya tui, samaki, na kuku aliyechinjwa na mjomba wangu. Hapa yanipasa nieleze. Mjomba ni Mwislamu, kama walivyo Wazaramo wengi, na kuku wa sikukuu zetu zote huchinjwa na yeye ili kila mtu apate kula. Jambo hili halikuandikiwa mkataba na yeyote. Kwa Idi sisi huenda kwake. Kwa Pasaka yeye huja kwetu, akakaa katika kiti kile kile chenye mguu mmoja mfupi.

Mgeni aliombwa abariki chakula. Alisali kwa Kiingereza, sala ndefu kidogo, na katikati yake alimwomba Mungu awafungue Waislamu wa kijiji hiki katika giza lao. Mjomba alifanya kazi bandarini Dar es Salaam kwa miaka mingi, na Kiingereza anakisikia vizuri. Sala ilipokwisha alisema “Amina” kwa sauti kubwa kuliko sisi sote, akamsogezea mgeni paja la kuku.

Tulicheka sana usiku ule, baada ya mgeni kulala. Lakini mimi sikupata usingizi. Kijana yule hakuwa na chuki hata chembe. Alisali kama alivyofundishwa. Kadhalika sala yake haikuwa ngeni kwetu. Wamisionari wa Kijerumani waliofungua kituo cha Kisarawe katika mwaka wa 1892, na cha Maneromango katika mwaka wa 1895, yamkini waliomba maneno kama hayo mara nyingi, katika mchanga huu huu. Tofauti ni kwamba wao walikaa. Waliokaa hujifunza majina ya watu, na mtu ukishamjua jina ni vigumu kumwita giza.

Kwa Wajerumani wale neno hili lilikuwa na maana ya kawaida tu: Mkristo asiye wa Papa. Ndivyo lilivyokuja kwetu, likabaki hata walipoondoka. Vita vya pili vilipozuka katika mwaka wa 1939, na Wajerumani wakatiwa kizuizini, vituo vyao katika Tanganyika vilibaki yatima. Waliovilea ni Walutheri wa Marekani, watu wa Augustana, kanisa lililoanzishwa huko na wahamiaji wa Kiswidi. Kwa hiyo msomaji asidhani ya kuwa naandika haya ili niwatukane Wamarekani. Kanisa langu lisingalifika mwaka wa 1963, ambapo makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa moja, kama si mikono yao.

Mjomba ndiye aliyenifunulia upande mwingine wa neno hili. Nilipomweleza tofauti yangu na mgeni, alinitazama kwa mshangao. “Injili?” akasema. “Injili mbona ni yetu sote? Aliteremshiwa nabii Isa. Sisi tumelijua jina hilo kabla Mjerumani hajapanda merikebu.” Nilikwenda kutafuta katika kamusi, nikaona ana haki. Asili ya neno ni Kiyunani, lakini sisi hatukulipokea kutoka kwa Wayunani wala Wajerumani. Tulilipokea katika Kiarabu, pwani hii, kwa watu wanaosali kama mjomba. Juu ya mlango wa kanisa letu pana neno la Kiislamu, nasi tumepita chini yake kila Jumapili tukiimba.

Huko Marekani neno lilikwenda njia nyingine. Jimmy Carter aliposhinda urais katika mwaka wa 1976 watu waliandika kwa mshangao kwamba mtu aliyeokoka ameingia Ikulu yao. Miaka mitatu baadaye mhubiri Jerry Falwell aliunda jumuiya ya kuwaongoza Wakristo wa namna hiyo katika uchaguzi, na katika mwaka wa 1980 wengi wao walimwacha Carter, mwalimu wa shule ya Jumapili, wakamfuata Ronald Reagan. Kufika mwaka wa 2016, karibu wanane katika kila Wazungu kumi waliojiita wa Kiinjili walimpigia kura Donald Trump. Wakristo weusi wa nchi ile, ambao wengi wao huisoma Biblia ile ile na kuamini toba ile ile, kwa kawaida walipiga kura upande wa pili. Nilipoyasoma hayo niliona ya kuwa huko neno limekuwa jina la kabila. Wapo walioliona hivyo wao wenyewe: chama kimoja cha wanafunzi Wakristo katika Chuo Kikuu cha Princeton kililifuta katika jina lake mwaka wa 2017, baada ya kulitumia kwa miaka mingi.

Mgeni alikuwa amekwisha kurudi kwao, nasi tuliandikiana. Alishika kwamba kanisa halina kazi katika siasa, ila kumlinda mtoto aliye tumboni. Nilimjibu kwamba nami naamini uhai ule ni wa Mungu, lakini nikamkumbusha mwezi wa Juni 1977. Walutheri wa dunia nzima walikutana Dar es Salaam, mkutano mkuu wao wa kwanza katika Afrika, wakamchagua Askofu Josiah Kibira wa Bukoba kuwa Rais wao. Hapo walitamka ya kuwa kuukataa ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika si rai ya siasa ambayo Wakristo waweza kutofautiana juu yake kwa amani. Ni jambo la imani yenyewe. Aliniandikia kwamba hajapata kusikia habari hiyo. Nilijiona nimeshinda, na kwa muda nilikuwa na kiburi kisichonifaa.

Kiburi hicho kiliniponyoka katika mwaka wa 2025. Dada yangu alikuwa mfanyakazi wa jamii katika mradi wa Ukimwi uliolipwa kwa fedha za Marekani. Fedha hizo zilitoka katika mpango ulioanzishwa na Rais George W. Bush mwaka wa 2003, na Wakristo wa Kiinjili wa kwao walikuwa miongoni mwa walioutetea. Ni haki kulisema hilo. Kazi yake ilikuwa kuwafuata nyumbani wagonjwa walioacha dawa za kufubaza virusi, awarudishe kliniki, na mara nyingine awape nauli. Alikuwa na daftari lenye majina 63. Tarehe 20 Januari Rais Trump alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Siku chache baadaye dada aliambiwa abaki nyumbani. Kabla mwezi haujaisha ilitolewa ruhusa ya dawa za kuokoa maisha. Lakini dawa haina miguu ya kumfuata mtu shambani, na miguu ya dada haikurudishwa kazini.

Nilimwandikia mgeni barua kali. Nilimwuliza ni Injili gani hiyo. Jibu lilikawia majuma mawili. Alisema alipiga kura kwa ajili ya watoto wasiozaliwa, na hakufikiri daftari la dada. Hakujitetea zaidi ya hapo. Pamoja na jibu alituma fedha kutoka mshahara wake wa ualimu, nauli za wagonjwa kwa miezi mitatu.

Nilitaka zirudishwe. Niliona ni fedha za kununua dhamiri. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, “Kaka, katika majina haya 63, lipo lako?” Akazichukua.

Mwaka huo huo baraza la wazee wa usharika wetu lilitaka kuandika barua kwa Kiingereza kwa washarika rafiki ng’ambo. Nilipewa kazi ya kuitunga, nikashauri jina letu liandikwe bila neno la Kiinjili, tusije tukahesabiwa katika chama tusichokuwa wanachama wake. Nilizungumza vizuri, nilitaja Princeton. Mama mmoja mzee, ambaye husinzia katika vikao, alifumbua macho. “Mwalimu, tukilitoa hilo tutabaki na Kilutheri peke yake. Luther ndiye aliyetufia?” Wazee walicheka, nami nikaiandika barua na neno lake.

Majuma machache baadaye nilikwenda Kisarawe kwa sikukuu ya mavuno. Baada ya ibada palikuwa na mnada nje ya kanisa, kama ilivyo desturi: mihogo, nazi, mananasi, mayai katika kikapu. Mjomba alikuwa amefika mapema, na kofia yake ya viua, akasimama kivulini chini ya yale maandishi. Alishindania jogoo mwekundu na mzee mmoja wa kanisa, wakipandishiana bei kwa utani mwingi, mpaka mzee akachoka. Mjomba alilipa, akamfunga jogoo miguu, akanipa nimshike.

“Yule mgeni wako,” akaniuliza, “bado anatuombea?”

Nilimwambia nadhani bado.

“Mwambie aje Pasaka,” akasema. “Huyu nitamfuga mpaka wakati huo.”