Nduma Katika Nchi ya Chai

Nchi yetu ya Kericho na Bomet imesifiwa tangu zamani kwa uzuri wa chai yake. Sifa hiyo ni ya haki, kwa maana fedha za chai zimesomesha watoto wetu na kuezeka nyumba zetu mabati. Lakini chai haishibishi. Mtu aliyepanda chai mpaka mlangoni pake huzirudisha fedha zile zile sokoni ili anunue viazi na sukuma wiki, na malipo yakichelewa, watoto huuliza jioni ni nini kitakachopikwa.

Tena tunaye adui atokaye mawinguni, nayo ni mvua ya mawe. Ni nchi chache duniani zinazoipata kwa wingi kama hapa kwetu. Katika miaka ya 1960 yalifanywa hata majaribio ya kurusha roketi mawinguni ili isiharibu chai. Inyeshapo kwa robo saa tu, kabichi na mahindi hubaki matambara. Ndiyo sababu napenda kuzungumza juu ya chakula kikaacho chini ya ardhi, yaani nduma.

Katika shamba letu huko Konoin iko kona ya majimaji ambayo marehemu mama yetu aliipanda nduma. Baada ya kufariki kwake, ndugu zangu walitaka tupande mikaratusi, kwa kuwa viwanda vya chai hununua kuni za kukaushia majani. Hoja yao haikuwa ya upuuzi, maana karo za watoto zilikuwa zikidaiwa. Mimi nilisema kwamba mkaratusi hunywa maji mengi, nao hulipa baada ya miaka kadhaa, bali nduma hulisha nyumba kila mwaka. Nikawakumbusha kuwa mwaka 2009 Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, alitaka miti hiyo ing'olewe karibu na vyanzo vya maji. Tulishauriana jioni mbili, kisha tukapatana: mikaratusi ipandwe juu mwinukoni penye ukavu, na kona iachiwe nduma.

Faida kubwa ya nduma ni kwamba haihitaji mbegu ya kununua. Unapochimba, hukata kichwa pamoja na kipande kifupi cha mashina ya majani, ukakirudisha udongoni, nacho huchipua tena. Machipukizi ya pembeni nayo huendelea kukua. Kwa ajili ya baridi yetu nduma haina haraka. Huenda ikakaribia mwaka mzima kabla ya kukomaa, lakini ukipanda kwa zamu hutakosa ya kuchimba.

Asiye na kona ya majimaji asiukimbilie ukingo wa mto, kwa kuwa sheria yataka paachwe angalau mita 6. Na achimbe mfereji wa kina cha futi 2, atandike karatasi ya nailoni chini, aujaze udongo uliochanganywa na samadi, kisha apande na kumwagilia mara kwa mara. Nduma ichemshwe mpaka iive barabara, maana mbichi huwasha kinywa na koo.

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Katika Vita Kuu ya Pili, Wajerumani walipochukua viazi vya Wafaransa, watu wengi huko walikula topinamburi, mmea wa jamii ya alizeti uliotoka Amerika ya Kaskazini. Shina lake hufa kwa baridi kali, lakini viazi vyake vilivyobaki udongoni huchipua tena mwaka ufuatao.

Mvua ya mawe ilipotupiga baadaye, majani ya nduma yetu yalitobolewa kama chekeche, lakini chini hakukuharibika kitu. Tulichimba tukala kwa majuma kadhaa, na ndugu zangu walikuwa wa kwanza kuleta vikapu.

Basi ndugu wakulima, simwambii mtu ang'oe chai yake. Nasema tu kwamba kila nyumba iache sehemu ndogo, hata iwe hatua kumi kwa kumi, kwa chakula kinachojirudia chenyewe. Wazee walisema akiba haiozi, na akiba ya nduma iko pale pale ardhini, yangoja jembe.