Rubani hubaki, ndege huchakaa

Wadau, niko Likawage, Kilwa, kikazi. Huku ndiko utaelewa kwa nini jeshi linahitaji ndege za mizigo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ikifurika, kivuko kinakwama na kusini yote inakatika na Dar.

Jeshi letu lilianza kujenga kikosi cha ndege kwa msaada wa Ujerumani Magharibi. Mwaka 1965 Wajerumani wakawaondoa wakufunzi wao ghafla, kisa Zanzibar imewakaribisha wenzao wa Mashariki. Walidhani tutapiga magoti. Mwalimu akawaambia wachukue na misaada mingine ya serikali yao.

Wakaja Wakanada na Otter na Caribou, ndege zinazotua hata kwenye kiwanja kifupi cha udongo, kama cha huku porini. Wakafundisha marubani na mafundi wetu hadi mwaka 1970, wakaondoka.

Kwangu mimi, hapo ndipo penye somo. Mfadhili huondoka na ndege huchakaa, ila aliyefundishwa hubaki na kumfundisha mwingine. Leo tukipewa msaada, nani anauliza: vijana wetu watajifunza nini?