Kutoka Garissa Hadi Ufuo wa Kiwayu

Mtu akitaja Garissa, wasikilizaji hufikiri jua kali, ngamia na vumbi jekundu. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ukiifuata nchi ile kuelekea kusini, ukapita Masalani na Ijara, miti huanza kurefuka, hewa huwa na unyevu, na mwisho wa safari ni Bahari ya Hindi. Msitu wa Boni, uliotengwa na Serikali mwaka 1976 kuwa hifadhi ya wanyama, umo upande wa Garissa. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 1,339, na ulikusudiwa hasa uwe kimbilio la ndovu wa Garissa na Lamu wakati wa kiangazi. Ukitoka Boni huingia Dodori, na baada ya Dodori ni maji ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotengwa mwaka 1979. Basi ndovu waijua njia hii. Sisi tukaao Garissa ndio tusioijua.

Mimi nilifundisha shule Garissa miaka sita kabla ya kuuona ufuo huo. Mwalimu mwenzangu, Msomali mzaliwa wa Ijara, alikuwa amefika umri wa miaka arobaini wala hajapata kuiona bahari kwa macho yake. Mwezi wa Februari tuliazimia kwenda pamoja. Njia fupi ya kupita msituni haikufaa. Mwezi wa Septemba 2015 Serikali ilianzisha huko operesheni dhidi ya Al-Shabaab, na mabomu ya kutegwa barabarani yamewaua askari na raia. Kwa hiyo tulizunguka kwa Hola, Garsen na Witu hata Mokowe, na sehemu ya mwisho gari letu lilisindikizwa na polisi. Jambo ambalo ndovu hulifanya kwa miguu, sisi tulilifanya kwa siku mbili na mabasi matatu.

Lamu tulijiandikisha kwa askari, kisha tukapata mashua ya mzee mmoja Mbajuni. Lakini tulichelewa kutweka, na tulipofika Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, maji yalikuwa yamekwisha kupwa. Mashua ikakaa juu ya matope, mikoko huku na huku.

"Mzee, tutaondoka lini?" nikamwuliza.

"Maji yakijaa, mwalimu. Hapa hapana mwenye amri ila bamvua."

Tulingoja saa nne. Mzee akatueleza kwamba yeye alizaliwa katika kijiji cha bara, karibu na Kiunga, na kwamba katika vita vya shifta, vya mwaka 1963 hata 1967, wazazi wake walimpakia katika jahazi usiku, wakaacha mashamba, mbuzi na makaburi ya babu zao. Wabajuni wengi walikimbilia Lamu, Malindi na Mombasa, na baadhi ya vijiji havikukaliwa tena. Alisema maneno hayo bila kumtazama mwenzangu, maana alijua ni mtu wa wapi.

Mwenzangu alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Baba, sisi nasi tulihamishwa. Mwaka 1966 watu wetu walikusanywa vijijini wakizungukwa na askari. Ngamia hawana malisho ndani ya boma. Babu yangu aliingia na ngamia themanini, akatoka na tisa."

Mzee akamtazama sasa. "Tisa?" "Tisa, baba." Basi akafungua kikapu chake, akatoa mkate wa mofa na samaki mkavu, akampa yeye kwanza. Mimi nilipewa baadaye, na nakiri kwamba sikuona vibaya.

Maji yalipojaa tuliikabili kaskazi kwa mashine, tukalowa nguo zote, tukafika Kiwayu jioni. Kisiwa hiki ni chembamba na kirefu, kama mgongo wa mchanga uliolala baharini. Upande wa ndani maji yametulia. Ukipanda kilima na kushuka upande wa pili unakuta ufuo mrefu usio na mtu, na mawimbi yatokayo kwenye bahari kuu. Mbele, kuelekea mpaka wa Somalia, kuna mfululizo wa visiwa vidogo vya mawe, yapata 50, na katikati yake matumbawe na nyasi za bahari. Kasa huja kutaga huku, na nguva wamepata kuonekana. Wageni wa ng'ambo walikuwa wakija kwa wingi, lakini Septemba 2011 hoteli iliyokuwa bara, mkabala wa kisiwa, ilivamiwa. Mwingereza mmoja akauawa, na mkewe akachukuliwa mateka hadi Somalia. Tangu hapo wageni walipungua sana, na vijana waliowapikia na kuwapeleka kuvua wakarudia nyavu.

Alfajiri kijana wa kijijini alituonyesha alama pana mchangani, kama za gurudumu la trekta. Kasa alikuwa amepanda usiku. Alitaga chini mno, mahali ambapo maji makuu yangeyafikia mayai; basi kijana akayafukua taratibu, moja moja, bila kuyageuza, akayazika juu zaidi. Yalikuwa zaidi ya mia, meupe na ya mviringo. Huchukua siku kama 60 kuanguliwa. Kando yake palikuwa na takataka zilizoletwa na bahari: chupa, kamba za nyavu, na kandambili zisizo na idadi, zote za mguu mmoja mmoja.

Mwenzangu hakuyasikiliza hayo yote. Alikuwa ameingia majini hadi magotini, kikoi amekikunja, akionja maji kwa kiganja na kutema, kisha akionja tena. Mwishowe aliokota chupa moja mchangani, akaisuuza, akaijaza.

Chupa hiyo tuliirudisha kwa njia ile ile ndefu. Mama yake, aliyekuja Garissa kwa matibabu, alichovya kidole, akalamba, akafikiri.

"Chumvi nyingi hivi," akasema, "na hakuna hata ngamia mmoja aliyepelekwa huko?"