Machimbo ya Buhemba na Urithi Wetu

Mtu aulizwapo habari za urithi wa taifa, aghalabu hutaja ngoma, mashairi na magofu ya Kilwa. Ni nadra kumsikia akitaja machimbo. Sisi wa Kamunyonge, mjini Musoma, twaishi kando ya ziwa, na wageni hutudhania kuwa watu wa samaki tu. Lakini mkoa wetu wa Mara una historia nyingine iliyozikwa ardhini, nayo ni ya dhahabu ya Buhemba na Kiabakari, katika Wilaya ya Butiama.

Uchimbaji wa Buhemba ulianza zama za Wajerumani, mwaka 1913, ukakoma mwaka 1970. Ule wa Kiabakari ulistawi kuanzia miaka ya 1930, wakati uchumi wa dunia ulipodidimia na bei ya dhahabu ikapanda. Ukafungwa mwaka 1966. Mwamba ulipasuliwa kwa baruti chini ya ardhi, ukapandishwa juu, ukasagwa, kisha dhahabu ikatenganishwa kwa maji na dawa kali. Mchanga uliobaki ukarundikwa. Waliotoa jasho katika kazi hiyo walikuwa Waafrika; faida ilivuka bahari. Nasi tulipokuwa shuleni tulikariri habari za makaa ya mawe ya Uingereza, lakini hatukufundishwa hata jina moja la mchimbaji wa Buhemba.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 uchimbaji mkubwa ulirudi Buhemba kwa muda mfupi, ukaacha shimo la wazi. Wachimbaji wadogo nao wameyarudia marundo ya zamani, ambayo huyaita marudio, kwa kuwa mchanga ule haukuishiwa dhahabu. Hatuwezi kumlaumu mzazi atafutaye chakula cha watoto wake. Wala hatusemi kila rundo liachwe lilivyo, maana zebaki iliyomo katika mchanga wa machimbo ni hatari kwa maji na kwa watu. Hata hivyo, kila karai liondokalo huondoka na alama ya kazi ya wazee wetu.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda majengo na vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Vya baadaye hungoja tangazo la Waziri. Basi mgodi wa karne ya 20 hauna kinga kwa umri wake pekee. Ni lazima wananchi wenyewe waone thamani yake, ndipo waombe ulindwe.

Wenzetu wa Wales wametuonyesha njia. Mgodi wa makaa ya mawe wa Big Pit, huko Blaenavon, ulifungwa mwaka 1980, na mwaka 1983 ukafunguliwa kuwa makumbusho. Waliokuwa wachimbaji ndio waliowaongoza wageni chini ya ardhi na kuwasimulia kazi yao. Mashine zinaweza kungoja; msimulizi hangoji. Kijana aliyekuwa na miaka 20 Buhemba ilipofungwa mwaka 1970, leo amepita miaka 70.

Kwa hiyo twawaomba walimu na wanafunzi wa Mara waianze kazi hii bila kungoja fedha nyingi. Waende kwa wazee na daftari. Waandike majina, mishahara, nyimbo za kazi, ajali na maneno ya shimoni. Shimo moja la zamani lizungushiwe uzio na kuwekewa kibao. Butiama tayari ina Makumbusho ya Mwalimu Nyerere, yaliyofunguliwa mwaka 1999; hapakosi kupatikana pembe moja ya kuwekea masimulizi hayo.

Wahenga walinena: mali bila daftari huisha bila habari. Dhahabu ya Buhemba ilipimwa na kuandikwa kwa wakia. Jasho la walioichimba nalo lastahili daftari lake, na kalamu ya kuliandika i mikononi mwa vijana wetu.