Kitabu Gani Tusome Sasa?

Huenda mtacheka mkisikia kwamba jambo lililotukosesha amani hapa Mhezi kwa majuma matatu halikuwa mvua, wala bei ya maharage, wala karo ya watoto. Lilikuwa ni kuchagua kitabu.

Sisi ni akina mama kumi na saba. Tunakutana kila Alhamisi alasiri nyumbani kwa mwalimu mmoja mstaafu, na shughuli yetu ya kwanza ni hisa na marejesho ya mikopo, kama vilivyo vikundi vingine vya akiba. Sanduku likishafungwa, Mwalimu huvaa miwani yake na kutusomea. Wako miongoni mwetu ambao macho yamechoka, wako walioacha shule mapema ili walee wadogo zao, na wako wanaojua kusoma vizuri kabisa ila nyumbani hawapati nafasi hata ya kuketi. Sura moja au mbili kwa Alhamisi moja, basi. Kwa mwendo huo kitabu hutuchukua miezi miwili, na ukiingia msimu wa kulima, au msaragambo wa kuzibua ndiva, hutuchukua hata minne. Ndiyo maana kuchagua si jambo la mzaha. Kitenge kibaya utakivaa jikoni, lakini kitabu kibaya kitawakalia watu kumi na saba mpaka masika yaishe.

Tulikuwa tumemaliza Kurwa na Doto cha Muhammed Saleh Farsy, habari za mapacha wa Unguja, nacho kilitufurahisha. Mwalimu akasema kijana wa mwenzetu anayefanya kazi Moshi yuko tayari kutupitia kwa wauza vitabu vya mitumba, mradi tumwambie tunataka nini. Akaandika kwenye karatasi mambo matatu: mapenzi, maisha ya watu, upelelezi. Akauliza, "Haya akina mama, tunakwenda wapi?"

Lilipotajwa neno upelelezi chumba kilinyamaza. Ndipo wengi wakaanza kusema kwa pamoja juu ya mapenzi, kwa haraka ambayo haikuwa ya kawaida. Sababu yake tutaieleza, ila tuanze na hayo mapenzi kwa kuwa ndiyo yaliyotangulia.

Wake vijana walitaka Vuta N'kuvute cha Adam Shafi. Walisikia kwamba mwaka 2021 kilitengenezwa filamu, nao wakataka kujua hadithi yenyewe. Ni habari za Yasmin, msichana wa Unguja aliyeozwa kwa mwanamume wa kumzaa, akakimbia, akampenda Denge, kijana aliyekuwa akisakwa na serikali ya kikoloni. Mama mmoja wa makamo akapinga. Alisema yeye hapingi mapenzi, amezaa watoto sita, lakini hataki kukaa na wakwe zake kusikiliza habari za binti aliyemkimbia mume. "Nikirudi nyumbani niulizwe leo mmesoma nini, niseme nini?"

Hapo Mwalimu akaweka miwani chini. Akatusimulia kwamba alipokuwa msichana wa shule alisoma Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi akiwa amekificha ndani ya kitabu cha Jiografia. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1971, na kwa muda kilizuiwa mashuleni. Baadaye kikaja kufundishwa huko huko mashuleni. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake anampiga kwa ajili ya barua ya mvulana, anamfungia dunia, na siku anapotoka nyumbani kwenda kusoma hana ajualo juu ya wanaume isipokuwa hofu. Anaharibikiwa mpaka kufa. "Mama yangu alikikuta," Mwalimu akasema, "akakitia motoni bila kuuliza kinasema nini. Kilikuwa kinasema na yeye."

Tulikaa kimya. Kila mmoja wetu mwenye binti alikuwa na lake moyoni. Tulijua, bila mtu kutaja, nyumba mbili tatu za kwetu ambamo barua au simu ilipatikana chini ya godoro, fimbo ikafanya kazi yake, na baadaye tukapeleka nguo za mtoto mchanga. Tuseme kweli: akina mama wa Kikristo tunaogopa kitabu cha mapenzi kuliko tunavyoogopa ujinga wa mapenzi. Hata hivyo siku ile hatukuafikiana. Wake vijana walisema Rosa anahuzunisha mno, wao wanataka mapenzi yenye raha kidogo. Nao walikuwa na haki yao. Mtu ametoka shambani tangu alfajiri, mgongo unauma, mbona asisikie habari za kupendwa?

Alhamisi ya pili tukaingia upande wa maisha ya watu. Mwalimu alikuwa na orodha. Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu cha Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi kilitoka mwaka 2021, miaka mitatu kabla hajafariki, na wengi walikitaka kwa kuwa wanakumbuka foleni za sabuni na jinsi bidhaa zilivyorudi madukani wakati wake. Walipoambiwa unene wake wakapoa.

Bibi yetu, aliye mkubwa kuliko sote, alikwisha chagua zamani. Alitaka Maisha Yangu cha Shaaban Robert. Marehemu mumewe alikuwa nacho kikapotea katika kuhama. Alisema Shaaban Robert alifiwa na mkewe Amina, akabaki na watoto, akamtungia binti yake Utenzi wa Hati. "Sisi wajane tumesemwa vya kutosha," akasema Bibi. "Mimi nataka kumsikia mwanamume akieleza alivyofiwa. Hawa wetu hawaelezi, wanaoa tu." Tulicheka mpaka jirani akachungulia dirishani. (Mwalimu, kwa kupenda haki, akakumbusha kwamba Shaaban Robert naye alioa tena. Bibi akajibu kwamba huyo angalau alitunga kwanza.)

Lakini Bibi huyo huyo akauliza swali lililotukaa. Je, cha mwanamke kipo? Mwalimu akamtajia Wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyeuza vyungu, akaja kuwa mwimbaji ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Bibi akauliza nani kaandika. Shaaban Robert. "Ah," akasema, "tena yeye!" Ndipo Mwalimu akatueleza juu ya wanawake watatu wa Mombasa walioketi na kusimulia maisha yao wenyewe, yakachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili. Hicho kukipata kwa mitumba ya Moshi ni bahati tu.

Bibi akaanza kusimulia yale aliyosikia kwa mama yake: jinsi mwaka 1945 wanaume wa Upare walivyoshuka kwa maelfu hadi Same kuipinga kodi ya mbiru, na mashamba nyumbani yakabaki mikononi mwa wake zao, na jinsi wanawake wa Usangi nao walivyosimama mbele ya wakubwa wa serikali kudai waume zao na haki yao. Profesa Isaria Kimambo aliyaandika mambo ya mbiru. Bibi anayo mengine, ya nani alipika nini na nani alilia njiani. Mwalimu aligeuza karatasi yake akawa anaandika nyuma yake, na siku ile hatukuchagua kitabu.

Sasa turudi kwenye upelelezi, na ule ukimya.

Mnajua sanduku la kikundi cha akiba lilivyo. Ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo tatu hushikwa na watu watatu mbalimbali. Mtu wa nne hukaa na sanduku. Kwetu mtu huyo wa nne alikuwa mama fundi wetu wa cherehani. Mwaka juzi, katika kuhesabu, daftari lilisema hivi na fedha zikasema vingine. Zilipungua shilingi 46,000. Tukahesabu mara tatu. Mwezi ule ule Mama Fundi alikuwa amenunua cherehani nyingine.

Hakuna aliyemwita mwizi. Laiti tungemwita, angepata kujibu! Tulifanya lililo baya zaidi: salamu zikawa fupi, nguo za sare za watoto tukazipeleka kwa fundi wa Same, na mmoja wetu akashauri kwamba sanduku "lipumzike" nyumba nyingine. Mama Fundi alimtuma mtoto alilete. Miezi minne hakuja. Hatukuuliza hata mara moja jinsi mtu mmoja angefungua kufuli tatu ambazo hana ufunguo wake hata mmoja.

Mwisho wa mwaka, wakati wa kugawana, Mwalimu alikesha na daftari. Akakuta rejesho la mama mmoja limeandikwa mara mbili, ukurasa huu na ukurasa unaofuata. Shilingi 46,000 hazikuwahi kuwamo sandukuni. Tulikwenda kumwomba radhi na mfuko wa sukari na debe la maharage. Alitupokea, akatuandalia chai, akarudi kikundini. Tangu siku hiyo hukaa karibu na mlango, na jambo lile halikutajwa tena na mtu yeyote.

Basi mwenye kutaja wizi na mauaji mbele yake angekuwa nani?

Alhamisi ya tatu Mwalimu alijaribu kulipita neno lile juu juu. Alisema vitabu vya upelelezi ni vya namna nyingi. Viko vya Elvis Musiba, kama Kufa na Kupona cha mwaka 1974, ambamo Willy Gamba hukimbizana na majasusi. Vijana walivisoma mpaka majalada yakaisha. Hivyo tukaona bastola ni nyingi mno kwa alasiri moja. Viko vya Ben Mtobwa na Joram Kiango wake. Na viko vya Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyefanya kazi pia katika jarida la wakulima lililoitwa Mkulima, naye ndiye aliyemtunga Bwana Msa mvuta kiko. Huyo hana bastola. Ana rafiki yake Najum, kama Sherlock Holmes alivyokuwa na Watson, na kazi yake ni kutazama na kuuliza. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi, mwenye mashamba anakutwa ameuawa mahali pa mizimu. Watu wanasema ni mizimu. Bwana Msa hakubali upesi hivyo.

"Lakini," akasema Mwalimu, "labda tukiache. Tuna Yasmin, tuna Shaaban Robert, vyote vizuri."

Mama Fundi alikuwa akipinda ukosi wa shati. Akasema bila kuinua macho, "Mbona tukiache?"

Hakuna aliyejibu.

"Kwa ajili yangu?" akauliza. "Mimi hicho ndicho ninachokitaka. Nataka kumwona mtu anayeuliza kwanza."

Mama aliyekuwa ameshauri sanduku lipumzike alianza kulia. Mama Fundi hakwenda kumbembeleza, nasi hatukumlaumu. Alikata uzi kwa meno, akakunja shati. Baadaye kidogo alisema, "Mama, kunywa chai yako itapoa," na kwa namna alivyolisema tuliona kwamba kwa siku ile ndilo aliloweza. Labda hata hilo lilikuwa zaidi ya stahili yetu.

Tulipiga kura kwa punje za maharage, nyekundu kwa mapenzi, nyeupe kwa maisha ya watu, za madoa kwa upelelezi. Tulipata nyekundu nne, nyeupe mbili, za madoa kumi na moja. Wake vijana wameahidiwa Yasmin baada ya mavuno. Bibi alinung'unika, lakini Mwalimu amenunua daftari jipya la kurasa 200, na kila Jumanne hupanda kwake na thermosi ya chai ili aandike yale ya mbiru na mengine yatakayofuata. Kwa hiyo Bibi anatengeneza kitabu chake mwenyewe na wakati huo huo analalamika kwamba hatukusoma cha Shaaban Robert.

Likabaki jambo dogo la nani atakaa na kitabu kati ya Alhamisi na Alhamisi, kwa maana nyumbani kwa Mwalimu wajukuu huchana kila karatasi. Mama Fundi akasema atakaa nacho yeye. Tukatazamana. Mwalimu akasema, "Vema," akaandika.

Kijana wa Moshi alituma kitabu kwa basi Jumamosi, kimefungwa kwa gazeti, jalada limeshonwa na mtu kwa uzi mweusi. Tuko sura ya tatu sasa. Mama Fundi amesogea kutoka mlangoni, anasema huku ndani kuna mwanga wa kutosha kwa sindano. Alhamisi iliyopita Bibi alitangaza kwamba amekwisha mjua muuaji, akamtaja, akaapa haoni haja ya kuendelea kusoma.

"Ushahidi uko wapi, Bibi?" akauliza Mama Fundi.

Bibi akasema hana ushahidi ila sura ya mtu humpendezi. Mwalimu akafungua ukurasa.